Maswali ya Wasomaji: Wakili Wako Ni Nani Nje ya Jalada Lako?

Mwezi uliopita msomaji mmoja alinitumia nakala ya wasifu wa wakili ambaye anafikiria kumkabidhi shauri la mirathi ya baba yake. Wasifu wenyewe una aya tatu. Ya kwanza inataja vyuo alivyosoma wakili huyo na ofisi alizopitia. Ya pili inaeleza, kwa fahari isiyofichwa, msimamo wake wa kisiasa na kamati za chama alizozitumikia. Ya tatu inasema kwamba wakati wa mapumziko anapenda kupanda milima, kucheza sataranji na kusikiliza muziki wa zamani. Msomaji aliuliza swali moja tu: katika aya hizi tatu, ipi inamhusu yeye? Barua nyingine kadhaa zilizofika katika safu hii zilikuwa zinazunguka jambo hilohilo, nami nimeona nizijibu kwa pamoja, nikianza na yake.

SWALI: Ndugu Wakili, huyu niliyekutumia wasifu wake ana shahada tatu, mbili kati ya hizo za vyuo vya nje. Mwingine niliyeelekezwa kwake ana shahada moja tu, lakini yuko kazini miaka mingi. Sisi tusiojua sheria tunapima vipi?

JIBU: Shahada zake ziheshimu, maana hakuna anayezipata kwa kulala. Hata hivyo, kabla hujazihesabu, uliza jambo dogo ambalo watu wengi hulisahau: je, mtu huyu ana ruhusa ya kufanya kazi hii leo? Kuwa na shahada ya sheria ni jambo moja na kuwa wakili ni jingine. Wakili ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la mawakili linalotunzwa na mahakama au na chama cha mawakili, ambaye leseni yake haijaisha muda na ambaye hajasimamishwa. Katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kuomba athibitishiwe hayo, na wakili mwaminifu hachukizwi ukifanya hivyo. Nimewahi kupokea familia iliyolipa ada kwa miezi minane kwa mtu aliyekwisha kufutwa katika daftari. Hati zote alizowasainia zilikataliwa na mahakama, na muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita wakati wanagundua.

Ukishalimaliza hilo, ndipo uje kwenye uzoefu, na hapa naomba nikusimulie kidogo. Mohandas Gandhi alipata uwakili mjini London mwaka 1891 kupitia Inner Temple, chama cha mawakili chenye historia ya karne nyingi, na kwa upande wa vyeti hakupungukiwa na kitu. Aliporudi India alipokea kesi ndogo ya madai mjini Bombay kwa ada ya rupia 30. Akasimama kumhoji shahidi wa upande wa pili, na sauti ikamkauka. Hakuweza kuuliza hata swali moja. Alikaa chini, akashauri mteja wake atafutiwe wakili mwingine, akairudisha ada yote. Mwaka 1893 alikwenda Afrika Kusini kusaidia upande mmoja katika shauri kubwa baina ya wafanyabiashara wawili ambao ni ndugu, akagundua kwamba shauri zima limejificha ndani ya vitabu vya hesabu, naye utunzaji wa hesabu haujui. Alinunua kitabu, akajifunza, akapekua daftari moja baada ya jingine mpaka akaujua ukweli wa deni lile kuliko mtu mwingine yeyote, kisha akazishawishi pande zote mbili zikubali usuluhishi. Na mteja wake aliposhinda, akamwombea aliyeshindwa alipe kidogokidogo kwa muda mrefu ili asifilisike. Cheti kilikuwa kilekile cha 1891. Mtu aliyekishika ndiye aliyekuwa amekua, na alikua kwa kuyazamia mambo ya mteja mpaka chini kabisa.

Abraham Lincoln naye hakufikisha mwaka mmoja darasani katika maisha yake yote. Alijisomea sheria kwa vitabu vya kuazima, akapewa ruhusa ya uwakili huko Illinois mwaka 1836, akaifanya kazi hiyo kwa takriban robo karne. Simtaji ili nidharau shule, kwa kuwa sheria za leo ni nyingi na zimefungamana kiasi kwamba mtu hawezi kuzifikia kwa kujisomea peke yake kando ya moto. Namtaja ili usije ukadhani kwamba orodha ndefu ya vyuo inaweza kujibu maswali ambayo hukumuuliza mwenye orodha.

Maswali yenyewe ni haya. Kwa kuwa shauri lako ni la mirathi, muulize ni mirathi mingapi ameifikisha mpaka kwenye mgawanyo wa mwisho. Kufungua shauri la mirathi ni rahisi. Majalada mengi hufia katikati, pale warithi wanapogombana juu ya hesabu ya mali, na hapo ndipo uzoefu hujulikana. Muulize pia nani hasa atalishika jalada lako: yeye mwenyewe, au kijana wa ofisini ambaye hujamwona? Muulize ada inahesabiwaje, na umwombe akuandikie.

Halafu mtazame anavyozishika karatasi zako. Wakili aliyenilea kazini alikuwa na desturi ambayo siwezi kuisahau. Mteja akiweka wosia mezani, mzee yule alikuwa haanzi na ukurasa wa kwanza. Aliugeuza hadi wa mwisho, akausogeza karibu na dirisha, akasoma majina ya mashahidi kwa sauti ya chini, kisha akarudi nyuma polepole kutafuta kama mojawapo ya majina hayo limo pia miongoni mwa warithi, kwa sababu katika mifumo mingi ya sheria shahidi anayenufaika na wosia anaweza kupoteza kile alichoachiwa. Siku moja aliweka kidole juu ya jina, akaweka kidole cha mkono wa pili juu ya jina hilohilo kurasa mbili nyuma, akamtazama mteja bila kusema neno. Mteja alikuwa amekuja kudai nyumba. Jina lilikuwa la kwake. Hakuna aya ya wasifu inayoweza kukuonyesha vidole viwili kama vile, lakini wewe ukikaa mbele ya wakili kwa nusu saa unaweza kuviona, au kuvikosa.

SWALI: Wakili mmoja ameniambia kwamba hajawahi kushindwa kesi. Je, ni sifa ya kuaminika?

JIBU: Jihadhari naye. Anayesema hivyo ama amesimama mahakamani mara chache sana, ama huchagua yale yaliyo mepesi peke yake, ama hasemi kweli. Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani mwaka 1967, alipokuwa wakili alisimama mbele ya mahakama hiyo katika mashauri 32 akashinda 29, likiwemo lile la mwaka 1954 lililoharamisha kuwatenga watoto wa shule kwa rangi zao. Hata yeye ana matatu aliyoshindwa, na hiyo 29 haikutokana na ufasaha wa siku moja, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa wameandaa njia kwa miaka mingi, shauri hadi shauri. Badala ya kuuliza ameshinda mara ngapi, mwambie akueleze shauri moja alilopoteza na alichojifunza. Atakavyojibu hapo ndipo utakapomjua.

SWALI: Nimegundua kwamba wakili wangu ni mwanachama hai wa chama cha siasa ambacho mimi siwezi kukivumilia. Nimemsikia kwa masikio yangu akihutubia mkutano, akitetea mambo ambayo mimi nayaona kuwa yanaumiza watu. Kesi yangu ni ya madai ya ajira na haina siasa. Nimwache?

JIBU: Naielewa hofu yako, na sitaki kuipuuza kwa kukwambia tu kwamba wakili mzuri huacha siasa mlangoni. Mtu hawezi kuvua fikra zake kama anavyovua koti. Swali la maana zaidi ni kama amejifunza kuzizuia zisikae kwenye kiti chako.

Umoja wa Mataifa, katika mkutano uliofanyika Havana nchini Kuba mwaka 1990, ulipitisha Kanuni za Msingi kuhusu Wajibu wa Mawakili. Kanuni ya 18 inasema kwamba wakili asihesabiwe kuwa kitu kimoja na mteja wake, wala na lengo la mteja wake, kwa sababu tu ya kuifanya kazi yake. Kanuni ya 23 inamhakikishia wakili uhuru uleule wa kusema, kuamini na kujumuika ambao raia wengine wanao. Zisome hizo mbili kwa pamoja: wakili ana haki ya kuwa na siasa yake, na mteja ana haki ya kutetewa bila kubebeshwa siasa hiyo.

Mfano ambao mimi huurudia kwa mawakili wachanga ni wa Boston, mwaka 1770. Tarehe 5 Machi mwaka huo askari wa Uingereza waliufyatulia risasi umati wa wakazi, na watu watano wakafa. John Adams alikuwa mpinzani wa utawala wa Waingereza, na baadaye, mwaka 1797, akawa rais wa pili wa Marekani. Lakini ni yeye aliyekubali kuwatetea askari hao, huku majirani zake wakiwa na hasira kali. Kapteni wao aliachiwa huru, na kati ya askari wanane sita waliachiwa, wawili wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kuna jambo jingine katika kesi hiyo ambalo halisimuliwi sana, nalo hunigusa zaidi. Adams alisaidiwa na Josiah Quincy, kijana mpinzani wa Waingereza kama yeye, ilhali miongoni mwa waendesha mashtaka alikuwemo Samuel Quincy, kaka yake Josiah, ambaye alikuwa upande wa mfalme. Ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja akasimama mahali ambapo siasa yake isingempeleka, na kila mmoja akafanya kazi aliyopewa.

Kazi ya namna hiyo ina gharama. Wakili Thomas Erskine alipomtetea mwandishi Thomas Paine mjini London mwaka 1792 katika kesi ya maandishi ya uchochezi, alishindwa kesi na akapoteza pia cheo chake cha mwanasheria wa mwana wa mfalme. Uingereza hadi leo mawakili wanaosimama mahakamani wana kanuni inayowalazimu kupokea mteja aliye mbele yao katika foleni, kama dereva wa teksi asivyochagua abiria, mradi shauri liwe katika fani yao, wawe na nafasi na ada iwe ya haki. Mimi naipenda kanuni hiyo kwa sababu humpa hifadhi wakili na mteja kwa wakati mmoja: hakuna anayeweza kumuuliza wakili kwa nini alimtetea fulani.

Hata hivyo, sitakuwa nimekujibu kwa uaminifu nikikupa mifano ya kupendeza peke yake. Mwaka 1847, huko Illinois, Lincoln alimwakilisha mwenye watumwa aliyetaka kurudishiwa mama mmoja na watoto wake waliokuwa wakidai uhuru wao. Alishindwa, na familia ile ikawa huru. Hapakuwa na kanuni ya kumlazimisha, angeweza kukataa. Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba wakili hachagui, nami siungani nao, kwa kuwa pale ambapo sheria inampa wakili hiari ya kukataa, hiari hiyo ni sehemu ya kazi yake na anawajibika nayo.

Na yuko Bram Fischer wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1908 katika familia ya Makaburu yenye jina kubwa; baba yake alikuwa jaji. Yeye akawa mkomunisti na mpinzani wa ubaguzi wa rangi, na katika kesi ya Rivonia ya mwaka 1963 na 1964 akaongoza jopo la utetezi wa Nelson Mandela na wenzake, waliokuwa wanakabiliwa na hukumu ya kifo na wengi wao wakaishia kufungwa maisha. Tunamheshimu, na tunastahili kumheshimu. Lakini Fischer mwenyewe alikuwa akifika katika shamba ambalo washtakiwa walikamatwa, hivyo wafanyakazi wa shamba hilo walipoletwa kutoa ushahidi alilazimika kukaa mbali na mahakama wasije wakamtambua. Siasa yake ilikuwa imemweka mguu mmoja kwenye meza ya utetezi na mwingine kizimbani. Mwaka 1965 alifutwa katika daftari la mawakili, mwaka 1966 akafungwa maisha, akafariki mwaka 1975, na jina lake likarudishwa katika daftari mwaka 2003. Mawakili wengi wa upande wa utetezi wangekimbia kesi ile, yeye alibaki. Ila ukitaka kujua mahali ambapo siasa ya wakili inaweza kugusa jalada la mteja, ni pale pale: pale wakili anapokuwa na lake la kupoteza au kupata ndani ya shauri unalomlipa akushughulikie.

Kwa hiyo usimuulize wakili wako anampigia nani kura. Muulize mambo matatu, na umuulize uso kwa uso. Je, mwajiri wangu, au yeyote mwenye hisa katika kampuni yake, ana uhusiano na chama chako au na kampeni zako? Je, kuna hoja halali katika kesi yangu ambayo hutapenda kuitoa kwa sababu inapingana na msimamo wako wa hadharani? Hili la pili ni la lazima kwako, kwa maana katika mashauri ya ajira hoja nyingi zinakaribiana na siasa kuliko unavyodhani: vyama vya wafanyakazi, migomo, haki za waajiriwa wa muda. Na la tatu, ukigombea cheo katikati ya kesi yangu, nani atalishika jalada? Akijibu bila kuyumba, baki naye. Akikasirika kwa kuulizwa, chukua jalada lako; ni lako, si lake.

SWALI: Baada ya kubishana vikali mahakamani, nilimkuta wakili wangu kwenye korido akicheka na wakili wa mpinzani wangu. Waliagana kwa kupanga kwenda kucheza tenisi. Nilijisikia kama nimeuzwa.

JIBU: Hukuuzwa, mama yangu, ingawa najua moyo ulivyouma, kwa sababu kwako ile ni kesi moja ya maisha yako yote na kwao ni ya tatu kwa siku hiyo. Mawakili wanaoheshimiana hupeana hati kwa wakati, hukubaliana upesi juu ya mambo yasiyobishaniwa, na hivyo hukupunguzia tarehe za mahakamani na ada. Majaji Ruth Bader Ginsburg na Antonin Scalia walikaa pamoja katika Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani kuanzia mwaka 1993, mmoja wa mrengo wa kiliberali na mwingine wa kihafidhina, wakapingana katika hukumu baada ya hukumu. Na wote wawili walipenda opera kiasi kwamba mwaka 1994 walivaa mavazi ya kale wakapanda jukwaani mjini Washington kama waigizaji wasio na maneno. Urafiki ule haukulainisha hukumu zao hata kidogo. Mpaka uko kwenye siri: wakili wako anaweza kucheza tenisi na yeyote, lakini uliyomwambia ofisini hayaruhusiwi kuvuka wavu. Ukiona mpinzani wako anajua jambo ambalo ulimweleza wakili wako peke yake, hapo una lalamiko, tena zito, na chama cha mawakili kipo kwa ajili hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Walimu wetu wanasisitiza kwamba kazi hii inameza kila kitu. Mawakili wanaotaja burudani zao katika wasifu wananishangaza. Wanazipatia wapi, na zina faida gani?

JIBU: Kijana wangu, walimu wako hawajakudanganya kuhusu uzito wa kazi, lakini wasikufanye uamini kwamba uzito huo unabebwa vizuri na mtu asiye na kitu kingine maishani.

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria, mshauri katika mahakama ya Toulouse nchini Ufaransa tangu mwaka 1631, na hisabati ilikuwa burudani yake ya jioni. Karibu mwaka 1637 aliandika kwenye pambizo ya kitabu kwamba amepata uthibitisho wa ajabu wa jambo fulani la namba, ila pambizo ni nyembamba mno kuutosha. Uthibitisho wa jambo hilo haukupatikana mpaka mwanahisabati Andrew Wiles alipochapisha wa kwake mwaka 1995. Arthur Cayley wa Uingereza aliingia uwakili mwaka 1849, akaandaa hati za kuhamisha umiliki wa ardhi kwa miaka 14, na katika miaka hiyohiyo akaandika makala za hisabati zaidi ya 200. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipompa uprofesa mwaka 1863 aliukubali, ingawa kipato kilipungua. Usidhani nakutaka uwe mwanahisabati. Nataka uone kwamba akili iliyozoea kupima kila neno la hati inapumzika vizuri zaidi ikiwa na kazi nyingine ya kufanya kuliko ikikaa bure.

Mandela, ambaye mwaka 1952 alifungua ofisi ya uwakili na Oliver Tambo mjini Johannesburg, alipenda ndondi alipokuwa kijana na bustani alipokuwa mfungwa. Katika gereza la Pollsmoor aliomba mapipa 16 ya mafuta, yakakatwa katikati na kuwa vyungu 32, na juu ya paa la zege akapanda vitunguu, biringanya, nyanya na vinginevyo, mpaka wakati mmoja mimea ikakaribia 900. Alikuwa akiamka mapema kuihudumia. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alichoweza kuamua aliamua lini amwagilie maji.

Faida yenyewe naiona hapa: kazini kila kosa lako linalipiwa na mtu mwingine. Ukikosea tarehe, mteja anapoteza shamba; ukiuliza swali moja la ziada unapomhoji shahidi wa upande wa pili, anapata mlango wa kutokea na mshtakiwa anakaa ndani. Mtu anayeishi hivyo siku zote huanza ama kuogopa kila kitu ama kuacha kujali, na nimewaona wenzangu wa aina zote mbili. Burudani ni mahali ambapo unaweza kukosea na anayepoteza ni wewe peke yako. Itafute mapema, kabla hujaanza kuamini kwamba huna muda.

SWALI: Wewe unatujibu kila toleo, lakini hatukujui. Ulitoka wapi kikazi, siasa yako ni ipi, na ukitoka ofisini unafanya nini?

JIBU: Ni haki yenu kuuliza. Nilianza kama karani wa masjala ya mahakama, nikibeba majalada kutoka chumba hadi chumba, na nilisoma sheria jioni. Nimefanya kesi za jinai kwa muda mrefu, kisha mirathi na ardhi.

Chama cha siasa sina. Imani ya kisiasa ninayo, nayo ni moja: kwamba mtu anayeweza kufungwa na dola asisimamishwe mbele ya jaji bila wakili kwa sababu hana fedha. Mwaka 1961 Clarence Gideon, mtu maskini wa Florida, alishtakiwa kwa kuvunja na kuingia katika ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika ombi lake kwa penseli kwenye karatasi ya gereza, akalituma Mahakama Kuu ya Juu, na mwezi Machi 1963 mahakama ikaamua kwamba alistahili wakili. Kesi ikarudiwa mwezi Agosti. Safari hii alikuwa na wakili aliyekuwa amefika eneo la tukio na kuwajua mashahidi, na jopo la raia waamuzi lilichukua kama saa moja tu kumwachia huru. Tuhuma ileile, mtu yuleyule. Kila ninapoona bajeti ya msaada wa kisheria inapunguzwa mahali popote, huiona ile penseli, na kwa jambo hilo nitahutubia mkutano wowote utakaonialika.

Jioni najalidi vitabu. Nilianza na vitabu vya hukumu vya ofisini vilivyokuwa vinaachia kurasa, na sasa watu huniletea misahafu, biblia na madaftari ya shule. Unafungua uti wa kitabu, unakwangua gundi ya zamani kwa ubavu wa kisu bila kugusa karatasi, unashona kila fungu la kurasa kwa uzi uliopakwa nta, unaacha usiku mzima chini ya uzito. Ukivuta uzi kwa nguvu, karatasi inachanika. Ukiulegeza, kitabu kinacheza. Nimeharibu vingi, vyote vyangu, kabla sijathubutu kushika cha mtu.

Na kwako msomaji wa kwanza, wasifu ulionitumia nimeurudisha kwa posta. Aya ya kwanza haina tatizo: nimethibitisha kwamba leseni yake ni hai. Aya ya tatu inaonyesha mtu ambaye huenda ukaelewana naye. Kwenye aya ya pili nimepigia mstari jina la kamati moja, kwa sababu katika maelezo ya kesi yako umeandika kwamba ami yako, ambaye mnashindana juu ya nyumba ya marehemu, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati hiyohiyo. Inawezekana hawakuwahi kukutana, na inawezekana wakili mwenyewe hajui kwamba ami yako ndiye mpinzani wako. Siku utakapokwenda ofisini kwake, kabla hujamkabidhi karatasi yoyote, anza na hilo.